Karatasi za Mzee Mwandawiro

Kila siku baada ya masomo, Nasima alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Duka lilikuwa mjini Voi, karibu na soko, katikati ya fundi saa na muuza mbegu. Juu ya mlango, Bwana Mansur alikuwa ameandika kwa rangi ya kijani: FOTOKOPI SAFI, KUPIGA CHAPA, KOMPYUTA. Huo ulikuwa mwaka wa 1999, na kompyuta bado zilikuwa za kuhesabika mjini.

Nasima alikuwa katika darasa la saba, na mashine ya fotokopi aliijua kama mtoto wa mkulima ajuavyo jembe. Watu walileta vyeti vilivyochanika, barua zenye madoa ya chai na hati za shamba zilizotobolewa na pini zenye kutu. Baba yake alikuwa amemfundisha kukata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe. Kabla ya kushusha kifuniko cha mashine, aliweka kipande juu ya doa. Kopi ilitoka safi kama karatasi mpya.

"Binti yako ana mkono mzuri, Mansur," wateja walisema.

Baba alitabasamu, akaendelea kupanga karatasi.

Ijumaa moja ya likizo ya Aprili, Bwana Mansur alijiandaa kwenda msikitini. Kabla hajatoka, aliingia mwanamke mrefu mwenye mkoba wa ngozi. Jina lake lilikuwa Mutindi. Alikuwa akichunguza habari za watu wa Kasigau, jinsi walivyotolewa kwao wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kupelekwa mbali, upande wa Malindi. Alitoa kurasa chache kwenye bahasha.

"Nimezitoa Nairobi, kwenye jumba la kuhifadhi nyaraka," alimwambia Nasima. "Nataka kopi moja ya kila ukurasa, niwapelekee wenyewe Kasigau. Zitoe kama zilivyo, mdogo wangu. Usiongeze wala usipunguze. Mimi naenda kula chakula hapo ng'ambo."

Baba akaenda kuswali, Bi Mutindi akaenda kula, Nasima akabaki na mashine.

Alizitoa kopi za Bi Mutindi kama zilivyo. Lakini kila alipogeuza ukurasa, macho yake yalinasa kwenye maandishi. Yalikuwa ya mkono, kwa Kiswahili, herufi zimesimama wima kama vigingi. Aliyeandika alikuwa mtoto wakati askari walipokuja kijijini kwao. *Mama alibeba mtungi usio na maji,* aliandika, *akasema huko tuendako tutakuta mto.* Nasima alisoma sentensi hiyo mara mbili. Aliuona mtungi huo kichwani kwa mama huyo.

Kisha akakumbuka Chama cha Historia cha shuleni kwao. Shule kadhaa za pwani zilikuwa zimepata nafasi kwenye tovuti moja iliyotunzwa na shirika fulani Mombasa, na Mwalimu Obadiah alikuwa amemtaka kila mwanachama alete kitu cha zamani. Nasima hakuwa na chochote. Rafiki yake Nzilani alikuwa amemtania mbele ya wenzake: "Mimi nimeandika habari za kilima cha Salaita, palipopiganwa wakati wa vita. Wewe utaleta nini? Picha ya mashine ya baba yako?"

Akaziweka zile karatasi tena kwenye mashine, moja baada ya nyingine, ili apate seti yake mwenyewe.

Chini ya kila ukurasa palikuwa na mhuri wa zambarau, wino wake umesambaa. Ndani ya mhuri mlikuwa na maneno madogo ya Kiingereza. Nasima aliona kwamba ni maneno. Hakuyasoma. Alichoona ni doa tu, na doa alijua dawa yake. Alichukua kipande cheupe, akakiweka juu ya mhuri, akashusha kifuniko.

Bi Mutindi aliporudi alikuta kazi yake tayari, akashukuru na kwenda zake. Kurasa za Nasima zilikuwa zimekwisha kuingia ndani ya mfuko wake wa vitabu. Jioni hiyo aliandika kichwa cha habari juu ya ukurasa wa kwanza.

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu Obadiah alizisoma zile kurasa akiwa amesimama mlangoni pa ofisi.

"Umezipata wapi hizi, Nasima?"

"Dukani kwa baba, mwalimu. Ni za zamani sana. Za wakati wa vita."

"Nzuri sana," mwalimu alisema. "Nzuri mno." Akazitia kwenye bahasha kubwa, akaipeleka kwa basi la Mombasa, ambako zingepigwa picha kwa skana na kuwekwa kwenye tovuti. Nasima alitembea siku hiyo kichwa juu. Hata Nzilani alikubali. "Umenishinda," alisema. "Salaita yangu sasa ni kichuguu."

Wiki zilipita. Jioni moja Nasima alikuwa nyuma ya mashine akijaza wino, aliposikia sauti anayoijua.

"Hodi, Bwana Mansur."

"Karibu, Bi Mutindi. Umetupotea. Keti."

Bi Mutindi hakuketi. Alitandaza karatasi juu ya meza. "Naomba uangalie hii."

Bwana Mansur alivaa miwani. "Si ndizo zile karatasi ulizoleta?"

"Ndizo. Sasa zimo kwenye mtandao, kwenye tovuti ya shule za pwani. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzisoma, awe Ulaya au awe Wundanyi. Jumba la nyaraka wameziona, na wanajua ni mimi tu niliyepewa kopi."

"Zimefikaje huko?"

"Ndilo nililokuja kuuliza. Kila ukurasa ulikuwa na mhuri unaosema: *kwa kusoma tu, zisichapishwe bila idhini.* Tazama hapa chini. Mhuri haupo. Lakini ukitazama vizuri utauona ukingo wa karatasi nyeupe. Mtu aliyeufunika mhuri huu alijua anachofanya."

Chupa ya wino iliteleza mkononi mwa Nasima. Aliidaka kabla haijaanguka. Masikio yake yalikuwa yakivuma kama mashine inapoanza kuwaka. Alitamani kusema kwamba hakujua, kwamba aliona doa tu. Lakini nani angeamini? Kipande cheupe kilikuwa pale, kikimshuhudia.

"Itakuwaje?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nisipowapa maelezo, watanifungia mlango. Kazi yangu ya miaka itaishia njiani. Na aliyeandika ana binti yake, yuko hai, yuko Kasigau. Hakuulizwa. Sheria inampa haki ya kushtaki."

"Kumshtaki nani?"

"Kila aliyeshika hizi karatasi zikafika hapo. Duka hili likiwemo."

Bwana Mansur alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Nasima, siku ile nilipokwenda kuswali, alikuja mtu yeyote hapa?"

"Hapana, Baba. Hakuja mtu."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilimchoma kuliko uongo.

"Mwalimu wake huja hapa kutoa kopi za mitihani," baba alisema polepole. "Tovuti ni ya shule. Huenda aliziona mezani, akazitamani. Kesho tutakwenda kumwuliza. Lakini duka langu, Bi Mutindi, na mtoto wangu huyu, wallahi nawasimamia. Mkono wake haujapata kugusa cha mtu."

Jioni hiyo Nasima hakuweza kula. Mama yake, Bi Mwanatumu, alimgusa paji la uso, akasema huenda ni malaria, akatafuta dawa. Nasima alikubali kuwa na malaria. Ilikuwa afadhali. Gari lililosimama nje lilimfanya ashike mkeka kwa vidole. Akilini alimwona baba yake akitolewa dukani na askari. Aliona maandishi ya kijani juu ya mlango yakifutwa kwa rangi nyeupe. Na kila alipojaribu kufungua mdomo, alisikia maneno ya baba: mkono wake haujapata kugusa cha mtu. Angewezaje kumwambia mtu aliyekwisha kula kiapo kwa ajili yake?

Asubuhi walikwenda shuleni watatu, baba, Bi Mutindi na Nasima. Njia ilipita mbele ya kituo cha polisi. Askari mmoja alikuwa akipiga mswaki nje, akawasalimu. Nasima alishika ukingo wa kanzu ya baba kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Una nini, mwanangu?"

"Hakuna, Baba."

Mwalimu Obadiah aliwapokea ofisini, akawapa viti. Bi Mutindi alieleza kisa chote. Bwana Mansur naye akasema, kwa adabu lakini bila kuzungusha: "Mwalimu, wewe ni mtu wa heshima. Lakini karatasi hizi zilitoka dukani kwangu bila ruhusa yangu, na zilitumwa kutoka hapa. Naomba uniambie, ulizichukuaje?"

Mwalimu alimtazama Nasima mara moja tu, si kwa ukali, kisha akatazama dirishani. Hakumtaja.

"Nilizituma mimi," alisema hatimaye. "Niliuliza zilikotoka, nikapewa jibu fupi, nikaridhika nalo kwa sababu nilizipenda. Nilipaswa kuuliza zaidi. Kama kuna wa kulaumiwa shuleni hapa, ni mimi."

"Basi umekiri," Bwana Mansur alisema, akasimama.

Nasima aliona uso wa baba yake umekuwa mgumu. Aliuona mkono wa mwalimu umetulia juu ya daftari za watoto. Alikuwa ameogopa askari, ameogopa mahakama, ameogopa duka kufungwa. Lakini hofu iliyomshika sasa ilikuwa nyingine. Ndani ya dakika hiyo, mtu asiye na hatia alikuwa akibeba mzigo wake mbele ya macho yake, na akikaa kimya, mzigo huo ungebaki hapo.

"Ni mimi," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Akarudia.

"Ni mimi, Baba. Nilitoa seti mbili. Moja ya Bi Mutindi, moja yangu. Mhuri niliufunika mimi, kwa kile kipande cheupe. Niliona umechafua ukurasa. Niliona una maneno, sikuyasoma. Mwalimu hakuja dukani. Alidhani umenipa wewe."

Nje, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba hesabu.

Bwana Mansur aliketi tena, taratibu, kama mtu aliyechoka. Alimgeukia mwalimu kwanza. "Nisamehe, Mwalimu Obadiah. Nimekudhania ubaya."

"Yamekwisha, bwana."

Kisha akamgeukia binti yake. Nasima alingoja kofi au ukali. Havikuja. "Kile kipande ni mimi niliyekufundisha," baba alisema. "Nilikufundisha kufunika uchafu. Sikukufundisha kutazama kwanza kama ni uchafu kweli. Lakini jana nilikuuliza, na ulinyamaza mpaka nikala kiapo. Hilo litanichukua muda."

Nasima alilia hapo, kimya, akijifuta kwa kitambaa cha kichwa.

Bi Mutindi alikuwa amekunja mikono muda wote huo. Sasa aliisogeza karibu ile karatasi yake. "Nilisema aliyeufunika alijua anachofanya. Nilikosea," alisema. "Nasima, kwa nini ulidhani unaweza kuzichukua?"

"Kwa sababu ni za zamani. Ni historia. Nilidhani historia ni ya kila mtu."

"Yaliyotokea ni ya kila mtu. Unaweza kuandika kesho kwamba watu wa Kasigau walihamishwa, na hakuna atakayekuuliza. Lakini maneno haya aliyapanga mtu mmoja. Sheria yetu haihesabu tangu vita vilipopiganwa. Inahesabu tangu mwandishi alipofariki, na inangoja miaka hamsini. Mzee huyu alifariki mwaka wa 1971. Mpaka miaka hiyo iishe, haki ni ya warithi wake."

"Na jumba la nyaraka?" mwalimu aliuliza. "Si ndio wenye hizo karatasi?"

"Wanatunza karatasi, mwalimu. Kutunza karatasi si kumiliki maneno. Kuna nyaraka nyingine mle, za serikali ya zamani, ambazo muda wake umekwisha, na hizo tunaweza kuzitumia tukitaja zilikotoka. Hizi bado."

Mwalimu Obadiah alipiga simu Mombasa papo hapo, na kabla ya saa sita kurasa ziliondolewa. Bi Mutindi aliandika maelezo ya kupeleka Nairobi, na Nasima akatia jina lake chini. Alidhani mambo yamekwisha.

"Bado kitu kimoja," Bi Mutindi alisema. "Mwenyewe hajui. Jumamosi nakwenda Kasigau. Ni vizuri akusikie wewe."

Nasima, baba yake na Bi Mutindi walikwenda kwa pikapu ya mfanyabiashara wa Marungu aliyekuwa akipeleka sabuni na unga. Barabara ilikuwa mbaya, na kabla ya mlima kuonekana vizuri walipita kwenye kinyesi cha ndovu, bado kibichi. Dereva alisimamisha gari, akatega sikio, akaendelea. "Jana wamemaliza mahindi ya watu pale," alisema. Siku nyingine Nasima angeogopa ndovu. Siku hiyo aliitazama miti tu ikipita, akimwogopa mwanamke mzee ambaye hakuwahi kumwona.

Bibi Wakio, binti wa mwandishi, alikuwa nyuma ya nyumba yake akipura kunde. Alikuwa mwembamba, na alipura bila haraka. Aliwapa viti, akasikiliza salamu, kisha akamsikiliza Nasima mpaka mwisho. Nasima alisema yote, hata kule kunyamaza. Hakuthubutu kuinua macho.

"Wangapi wamezisoma?" Bibi Wakio aliuliza.

"Hatujui, Bibi," Bi Mutindi alijibu. "Hatuwezi kujua. Zilikaa huko siku kadhaa."

Fimbo ya kupuria ilisimama. Nasima alisikia maganda ya kunde yakipasuka juani.

"Ukurasa wa nne," Bibi Wakio alisema. "Nao ulikuwemo?"

"Ulikuwemo, Bibi," Nasima alisema.

"Ukurasa huo baba yangu amemtaja jirani aliyewaonyesha askari njia ya kuja kwetu. Amemtaja kwa jina. Pia ameandika kwamba alifungwa kamba, akalazimishwa. Lakini watu husoma jina, hawasomi kamba. Wajukuu wa mtu huyo ninakaa nao kanisani benchi moja. Nilipozipeleka karatasi Nairobi, mchwa walikuwa wamekwisha kula kona. Nilitaka zitunzwe. Nilisema zisomwe na anayekuja kusoma, na kama kuna wa kuzichapisha, aje aniulize. Ndiyo maana ya ule mhuri, mwanangu. Ni mimi niliyekuwa ndani ya ule mhuri."

Nasima alikuwa ameogopa mambo mengi juma hilo, na yote yalimhusu yeye na watu wake. Hakuna hata mara moja alipowafikiria wajukuu wa mtu kama jirani yule. "Nisamehe, Bibi," alisema. "Nisamehe sana."

"Nimekusamehe. Hakuna wa hapa aliyekuja kuniuliza, kwa hiyo labda hawajaona. Nitakwenda kwa wajukuu hao mwenyewe, niwaambie kabla hawajaambiwa na mwingine. Nitaanza na ile kamba, ndipo jina." Aliichukua kwa Bi Mutindi ile karatasi iliyochapwa kutoka kwenye tovuti, akaisogeza mbali na macho ili aone. "Hapa juu umeandika nini?"

"*Kumbukumbu za mzee mmoja wa Kasigau.*"

"Mzee mmoja," Bibi Wakio alirudia. "Alitembea mpaka miguu ikatoka damu, akafundishwa kuandika akiwa mtu mzima, akakaa usiku na taa akipanga herufi hizi. Nawe ukamwita mzee mmoja."

"Sikujua jina lake, Bibi."

"Mwandawiro. Hukujua kwa sababu hukuuliza."

Bwana Mansur alikohoa kidogo. "Bibi, hatukuja kukusumbua zaidi. Karatasi zimeondolewa. Mtoto amekuomba radhi, nami nakuomba radhi. Tukiruhusiwa, tutarudi kabla jua halijashuka."

Bibi Wakio hakumtazama Bwana Mansur. Alikuwa akimtazama Nasima.

"Ulizipenda?"

"Ndiyo, Bibi. Ule mtungi. Mama aliyebeba mtungi usio na maji."

"Huyo ni nyanya yangu." Aliiweka fimbo chini. "Sasa, umeniomba msamaha, na nimekupa. Lakini ruhusa hujaniomba. Tangu uketi hapo nangoja."

Nasima alimtazama baba yake, kisha Bi Mutindi. Hakuna aliyemsaidia. Angeweza kukataliwa, na hilo nalo lilitisha.

"Bibi Wakio," alisema, "naomba ruhusa tuweke maneno ya baba yako kwenye tovuti ya shule, ili watoto wengine wasome."

"Yote?"

"Yale utakayotaka wewe. Ukisema hapana, basi ni hapana."

Mwanamke mzee alikusanya kunde kwa viganja, akazipepeta, akapuliza maganda. "Ukurasa wa nne ubaki mahali ulipo," alisema. "Nyingine chukueni. Juu kabisa liandikwe jina la baba yangu, na chini pasemwe zimetunzwa wapi na nani ametoa ruhusa. Huyu dada aandike hayo kwenye karatasi, nami nitie sahihi, ili siku nikiwa sipo mtu asiseme ziliokotwa." Akamshika Nasima mkono, ule ule uliokuwa umeshika kipande cheupe, akaufungua na kutia kunde ndani yake. "Na wewe sikia. Kitu kuzeeka si kukosa mwenyewe. Ukipenda kitu cha mtu, tafuta mlango wake ubishe. Wengi watakufungulia. Asiyekufungulia, mwache na chake, na umeondoka ukiwa mtu mwema. Sasa nisomee. Macho yangu hayafiki tena kwenye herufi hizo, na ni miaka mingi sijamsikia baba."

Bi Mutindi alitoa kwenye bahasha zile kopi alizokuwa bado hajazifikisha Kasigau. Nasima aliziweka kunde mapajani, akashika ukurasa wa kwanza kwa mikono miwili. Sauti yake ilianza kwa kutetemeka, ikatulia alipofika kwenye mtungi. Bibi Wakio alisikiliza akiwa amefumba macho, na Bwana Mansur, aliyekuwa amesimama tayari kuondoka, akarudi akaketi.